Posho ya chakula, mileji na kodi kwa madereva wa malori Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na madereva walioajiriwa, matanboi (wasaidizi wao), na wenye malori wanaoendesha wenyewe. Sheria inayotawala ni Sheria ya Kodi ya Mapato ya Uganda, na anayekusanya ni Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA. Mwaka wa kodi huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni.

## Mambo ya mwanzo

Nimeajiriwa. Je, naweza kuidai URA inipunguzie kodi kwa sababu ya chakula ninachonunua barabarani?

Hapana. Dereva aliyeajiriwa Uganda hana mahali pa kujaza "nimekula kiasi hiki Nakuru, kiasi hiki Lukaya" ili kodi yake ishuke. Kodi ya mshahara, PAYE, hukokotolewa kwenye malipo yote ya ajira, na gharama zako za kuishi hazipunguzwi humo.

Nafuu iliyopo inapita mlango mwingine, ambao ni posho anayokupa mwajiri. Ikitimiza masharti, posho ya chakula na malazi ya safarini haihesabiwi kabisa kuwa mapato ya ajira, kwa hiyo haikatwi kodi. Ndiyo maana mazungumzo ya maana si kati yako na URA. Ni kati yako na ofisi ya mhasibu, siku mkataba unapoandikwa. Dereva anayelipwa "laki kumi na nne kila kitu ndani" hukatwa zaidi kuliko mwenzake anayelipwa laki saba za mshahara na laki saba za posho halali ya safari, ingawa wote wawili wanagusa pesa ileile na kuendesha njia ileile.

Posho, mileji, pesa ya njia: si kitu kimoja?

Barabarani huitwa kwa jina lolote. Kwenye kodi ni vitu vitatu tofauti.

Posho ya safari ni pesa ya kula na kulala ukiwa kazini mbali na kituo chako. (Tukisema posho hapa tunamaanisha pesa, si ule ugali ambao Uganda nzima huuita posho.) Mileji ni malipo kwa kilomita au kwa tripu, ni ujira wa kazi, tazama swali la mileji hapa chini. Pesa ya njia ni fedha ya bosi uliyoshikishwa ulipie maegesho, pancha, upakuaji na mengineyo ya gari. Hiyo si mali yako, na ukiitolea hesabu haiingii kwenye mapato yako.

Kosa linaloonekana kila mara ni kampuni kutoa bahasha moja yenye vyote vitatu na kuandika "allowance" kwenye vocha. Mkaguzi akiikuta vocha hiyo hana namna ya kutenganisha, na akishindwa kutenganisha huhesabu yote kuwa mshahara.

PAYE hukatwaje hasa?

Kwa mkazi wa Uganda, viwango vya mwezi vilivyoanza Julai 2012 ni hivi:

- Hadi shilingi 235,000: hakuna kodi.
- 235,001 hadi 335,000: 10% ya kinachozidi 235,000.
- 335,001 hadi 410,000: 10,000 pamoja na 20% ya kinachozidi 335,000.
- Zaidi ya 410,000: 25,000 pamoja na 30% ya kinachozidi 410,000.

Anayezidisha milioni 10 kwa mwezi huongezewa 10% juu ya ziada hiyo. Si hadithi ya madereva wengi. Asiye mkazi hana ile sehemu ya bure: hukatwa 10% tangu shilingi ya kwanza hadi 335,000, kisha 20% hadi 410,000, kisha 30%.

Chukua dereva mwenye mshahara wa 700,000 na posho ya safari ya 720,000 kwa mwezi. Posho ikiwa halali na imeandikwa vizuri, kodi ni 25,000 + 30% ya 290,000, yaani 112,000. Posho ikichanganywa na mshahara, kodi inakokotolewa kwenye 1,420,000: 25,000 + 30% ya 1,010,000, yaani 328,000. Tofauti ni 216,000 kwa mwezi mmoja.

Mwajiri hupeleka PAYE kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata kupita.

NSSF na ile kodi ya halmashauri zinapunguza PAYE?

NSSF, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, haipunguzi. Mfanyakazi hukatwa 5%, mwajiri anaongeza 10% kutoka mfukoni mwake, lakini PAYE inakokotolewa kabla ya kuondoa ile 5% yako. Tangu marekebisho ya mwaka 2022, mwajiri mwenye mfanyakazi hata mmoja anapaswa kuchangia. Mwenye malori mawili hawezi tena kujificha nyuma ya "sisi ni wachache".

Kodi ya huduma za mitaa, LST, inapunguza. Hukatwa kwa mafungu manne, Julai hadi Oktoba, na kiwango cha juu ni 100,000 kwa mwaka. Fungu la mwezi huondolewa kwenye mapato kabla ya kukokotoa PAYE. Kwa aliye kwenye ngazi ya 30%, fungu la 20,000 linamrudishia 6,000 ya PAYE. Ni kidogo, lakini ni lako. Angalia karatasi ya mshahara ya Julai uone kama mhasibu amelikumbuka.

## Posho ya safari: ipi haikatwi kodi

Masharti ya posho isiyokatwa ni yapi?

Sheria inataja posho ya malazi na usafiri, au ya chakula na viburudisho, inayotolewa kwa mtu anayesafiri katika kutekeleza kazi ya ajira yake, na isiyozidi gharama iliyotumika au inayoelekea kutumika. Kila kipande cha sentensi hiyo kina kazi yake:

Lazima kuwe na safari ya kazi. Siku lori limepaki Namanve na wewe umelala kwako, hakuna safari.

Lazima iwe ya kula, kulala au kusafiri. Pesa ya "kumtia moyo dereva" ni bonasi, na bonasi ni mapato.

Lazima isizidi gharama halisi au inayotarajiwa. Hapa ndipo penye mabishano, tazama swali linalofuata.

Kiwango cha juu ni shilingi ngapi kwa siku?

Sheria ya Uganda haikutaja namba. Imetaja kipimo: gharama iliyotumika au inayoelekea kutumika. Mwajiri ndiye anayepaswa kuweza kueleza kwa nini ameweka 40,000 na si 140,000.

Maelezo yanayosimama ni ya kawaida kabisa: sera fupi ya kampuni, imetiwa saini kabla ya safari, inayoonyesha kiwango kwa kila njia. Kulala Mbarara si sawa na kulala Juba, na chakula cha Mombasa si bei ya Lyantonde. Kampuni yenye kiwango kimoja kwa njia zote inajiweka pabaya, kwa kuwa kiwango kinachotosha Juba lazima kitakuwa kimezidi Mbarara. Weka viwango vitatu au vinne, ambatisha bei za nyumba za kulala na sahani ya chakula kwenye vituo vinavyotumika, vipitie kila mwaka.

Sehemu iliyozidi inakatwa kodi. Iliyobaki inaendelea kuwa salama. Posho haiharibiki yote kwa sababu imezidi kidogo.

Napewa pesa ya kulala lakini nalala kwenye kabini. Ile niliyobakiza inakatwa kodi?

Kipimo kinatazama gharama "inayoelekea kutumika" pia, kwa hiyo dereva aliyebana matumizi safari moja hageuzi posho kuwa mshahara. Hakuna anayekudai urudishe chenji ya wali.

Lakini mwajiri anayejua kwamba madereva wake wote hulala kwenye kabini kila usiku, kwa amri ya kampuni, ili kulinda mzigo na dizeli, hawezi kusema kwa uaminifu kwamba gharama ya chumba inaelekea kutumika. Posho ya chumba hapo inafanana na malipo ya ulinzi wa usiku. Njia safi ni kugawa: chakula kiasi hiki kila siku ya safari, chumba kiasi hiki kwa usiku ambao gari liko kwenye maegesho yenye ulinzi na dereva anaruhusiwa kushuka, na usiku wa kulinda gari ulipwe kama ujira, ukatwe kodi yake.

Kampuni inanipa 150,000 ya chakula kila mwisho wa mwezi, nisafiri nisisafiri. Inakatwa?

Inakatwa, yote. Haifuati safari, inafuata kalenda. Kwa mshahara wa 900,000, PAYE ni 172,000. Ukiongeza hiyo 150,000 inakuwa 217,000. Katika chakula cha mwezi mzima, 45,000 zimekwenda kwa kodi.

Dawa yake ni rahisi: ifanywe ya kila siku ya safari na iandikwe kwenye karatasi ya safari. Kampuni haiongezi hata senti.

Na chakula tunachopikiwa yadi?

Hakikatwi, kama kinatolewa mahali panapoendeshwa na mwajiri au kwa niaba yake kwa ajili ya wafanyakazi tu, na kila mfanyakazi wa kudumu anakipata kwa masharti sawa. Wakuu wa ofisi wakila kuku na madereva maharage, lile neno "sawa" limeanza kuyumba. Kutoa fedha taslimu badala ya chakula ni jambo jingine. Soma swali lililotangulia.

Tanboi naye ana haki hiyo?

Sheria inamtaja mfanyakazi, haimtaji dereva. Tanboi aliyeajiriwa na kampuni anapata posho ya safari kwa masharti yaleyale.

Shida ni pale tanboi anapolipwa na dereva kutoka kwenye mileji yake. Kwenye vitabu vya kampuni hayupo. Pesa yake imehesabiwa kuwa mshahara wa dereva na dereva amekatwa kodi ya watu wawili. Dereva aliye katika hali hiyo aombe tanboi aingizwe kwenye orodha ya malipo. Mbali na kodi, ndiyo njia tanboi atakayopata mchango wa NSSF wa mwajiri.

Mama wa chakula Naluwerere hatoi risiti. Nitathibitishaje?

Kwa posho ya kiwango cha siku, kinachothibitishwa kwanza ni safari. Sahani moja moja huja nyuma. Weka karatasi moja kwa kila safari, yenye tarehe na saa ya kutoka, vituo ulivyolala, tarehe ya kufika, tarehe ya kurudi, na idadi ya siku. Ambatisha kinachoonyesha gari lilikuwa pale: hati ya kukabidhi mzigo iliyogongwa muhuri, karatasi za forodha, muhuri wa pasipoti Malaba, Mutukula au Elegu. Mzigo wa tranziti wenye sili ya kielektroniki una kumbukumbu ya njia nzima, na hiyo haina ubishi.

Hivi ndivyo safari moja ya Kampala hadi Mombasa inavyokaa kwenye karatasi: siku 2 kwenda, siku 3 kusubiri kupakia bandarini, siku 3 kurudi, siku 1 foleni ya Malaba. Jumla siku 9. Kwa kiwango cha mfano cha 40,000 ni shilingi 360,000. Dereva anatia saini kuwa amepokea, msimamizi anatia saini kuwa amehakiki siku.

Kinachowaangusha wengi ni karatasi kujazwa zote kwa siku moja, kalamu moja, mwisho wa mwaka, ukaguzi ukinukia. Tarehe hugongana na za forodha, na karatasi moja ya uongo huzitia shaka zilizo za kweli.

Lori liliharibika Karuma, nikakaa siku nne. Siku hizo zinahesabiwa?

Ndiyo. Uko safarini kwa kazi ya mwajiri, na kusubiri fundi au gia boksi ni sehemu ya kazi hiyo. Andika sababu kwenye karatasi ya safari na uambatishe risiti ya fundi au ya spea. Tarehe zake ndizo ushahidi wako. Vivyo hivyo kwa foleni ya mpakani na mizani. Ukiacha gari, ukapanda basi kwenda nyumbani siku mbili, hizo mbili zitoe.

Mileji nayo ni posho?

Hapana, hata kama vocha inasema "mileage allowance". Malipo yanayopanda kadiri unavyoendesha zaidi ni ujira wa kazi na hukatwa PAYE. Uganda kuna mazoea ya kumlipa dereva mshahara mdogo sana na mileji nono "isiyo na kodi". Mhasibu anayefanya hivyo anakusanya deni: asiyekata kodi anayopaswa kukata, URA humdai yeye mwenyewe, na riba ya 2% kwa mwezi inatembea. Sheria inamruhusu baadaye kukurudia wewe akudai alichokulipia.

Kama sehemu ya mileji kweli ni ya chakula, itenganishwe na ihesabiwe kwa siku, si kwa kilomita. Tumbo halihesabu kilomita.

## Pesa ya njia, faini na makato ya bosi

Nisipoleta risiti za pesa ya njia itakuwaje?

Mambo mawili kwa pamoja. Kampuni inapoteza haki ya kuiondoa kama gharama, na kiasi kisicho na hesabu kinaweza kutazamwa kama malipo yako. Lipa kwa simu kila inapowezekana. Taarifa ya MTN, Airtel au M-Pesa ina tarehe, saa na mpokeaji. Haichukui nafasi ya risiti, lakini ni bora kuliko maneno. Kwa vitu vidogo visivyo na risiti, kama mvulana wa kufunga turubai, daftari la vocha lenye jina, kiasi na saini linasaidia.

Faini za trafiki na za mizani zinaondolewa kwenye kodi?

Haziondolewi. Sheria inakataza waziwazi kupunguza faini au adhabu yoyote inayolipwa serikalini kwa kuvunja sheria, iwe ni tiketi ya polisi au faini ya uzito wa ekseli. Ada ni jambo jingine: leseni, maegesho na ushuru wa barabara ya Kampala–Entebbe ni gharama za biashara. Kwa hiyo usikubali karani aandike faini na ada kwenye mstari mmoja.

Kuhusu "chai" ya njiani: hongo ni kosa la jinai, haina risiti wala nafasi kwenye ritani (taarifa ya mapato na kodi inayopelekwa URA).

Bosi amenikata 300,000 za dizeli iliyopungua. Kodi yangu inashuka?

Haishuki. PAYE inakokotolewa kwenye mshahara uliostahili, kabla ya makato ya aina hiyo, kama vile mkopo wa saccos usivyopunguza kodi. Kama makato yenyewe ni halali ni suala la Sheria ya Ajira ya 2006, ambayo inaweka mipaka ya kile mwajiri anachoweza kukata, na pia inakupa haki ya karatasi ya mshahara inayoonyesha kila kato. Ikiwa huipati karatasi hiyo, anza na hilo. Bila hiyo hata swali la kodi haliwezi kujibiwa.

## Mwenye lori anayeendesha mwenyewe

Nina lori langu moja. Nalipa kodi gani?

Kama mauzo yako ghafi kwa mwaka yako kati ya milioni 10 na milioni 150, unaingia kwenye kodi ya makisio ya wafanyabiashara wadogo, isipokuwa umechagua kutoka. Viwango tangu Julai 2020:

- Zaidi ya milioni 10 hadi 30: 80,000 kwa asiye na vitabu vya hesabu, mwenye vitabu hulipa 0.4% ya kinachozidi milioni 10.
- Zaidi ya 30 hadi 50: 200,000, au 80,000 pamoja na 0.5% ya kinachozidi milioni 30.
- Zaidi ya 50 hadi 80: 400,000; au 180,000 pamoja na 0.6% ya kinachozidi milioni 50.
- Zaidi ya 80 hadi 150: 900,000, au 360,000 pamoja na 0.7% ya kinachozidi milioni 80.

Lori lililoingiza milioni 140: bila vitabu 900,000; na vitabu 780,000. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari lina bei yake kamili: 120,000.

Kwenye kodi ya makisio hakuna gharama inayopunguzwa. Dizeli, tairi, mshahara wa tanboi, vyote haviulizwi.

Basi kwa nini mtu achague kutoka kwenye makisio?

Kwa sababu ya uchakavu wa lori, yaani thamani linayopoteza kila mwaka. Ukitoka, unalipa kodi kwenye faida: mapato toa gharama zote za kuyazalisha, pamoja na uchakavu wa 20% kwa mwaka kwenye thamani inayobaki, kiwango cha magari ya mizigo na matrela tangu Julai 2021. Kuna kanuni inayoweka kikomo kwenye thamani ya gari inayokokotolewa uchakavu, lakini haiyagusi magari ya biashara kama lori.

Umenunua lori kwa milioni 120. Mauzo milioni 140, gharama za kuendesha milioni 125, zimebaki milioni 15. Bila uchakavu, mtu binafsi angelipa 300,000 + 30% ya kinachozidi 4,920,000, yaani 3,324,000. Uchakavu wa mwaka wa kwanza ni milioni 24. Faida inageuka hasara ya milioni 9, kodi ni sifuri, na hasara inabebwa mwaka ujao.

Mwaka wa tano hesabu inaweza kugeuka. Thamani imeshuka, uchakavu ni mdogo, na 780,000 ya makisio inaanza kupendeza. Piga hesabu pande zote mbili kabla ya kuandika barua. Uchaguzi hufanywa kwa taarifa ya maandishi kwa Kamishna, na si wa kuingia na kutoka kama matatu.

Nimetoka kwenye makisio. Chakula changu mwenyewe cha barabarani kinapunguzwa?

Hapa ndipo wengi hushangaa. Sheria inaruhusu gharama ya chakula na viburudisho pale tu ambapo thamani yake imehesabiwa kwenye mapato ya mfanyakazi, au ni ile posho ya safari au chakula cha yadi ambacho sheria imekitoa kwenye mapato ya mfanyakazi, au biashara yako yenyewe ni ya kuuza chakula. Mwenye lori anayeendesha mwenyewe si mfanyakazi wa mtu. Chakula chake ni matumizi binafsi.

Meza moja Migyera, sahani mbili za matoke na nyama, wewe na tanboi uliyemwajiri. Sahani ya tanboi ni gharama ya biashara, yako siyo. Haipendezi, lakini ndivyo ilivyo, na anayeweka sahani mbili kwenye vitabu anampa mkaguzi pa kuanzia.

Kuna wanaofungua kampuni ili wawe waajiriwa wa kampuni yao na kulipwa posho halali. Inawezekana, ila kampuni ina ritani zake, kodi ya 30% ya faida, na PAYE na NSSF juu ya mshahara wako mwenyewe. Usifungue kampuni kwa ajili ya sahani ya matoke.

Gharama zipi basi zinakubalika?

Dizeli, oili, tairi, matengenezo, bima, leseni, maegesho, riba ya mkopo wa lori, mshahara wa tanboi na NSSF yake ya 10%, muda wa maongezi wa kazi, ovaroli na buti za usalama. Nguo unazoweza kuvaa harusini haziingii, hata kama umezinunua kwa ajili ya safari. Marejesho ya mkopo si gharama. Riba tu ndiyo gharama, kwa hiyo iombe benki mchanganuo.

Mitego miwili inayoua madai mazuri. Manunuzi ya zaidi ya milioni 5 kwa mpigo kutoka kwa muuzaji asiye na TIN (namba ya mlipakodi) hayakubaliki. Seti ya tairi hufika hapo haraka. Na muuzaji aliyetakiwa kutumia EFRIS, mfumo wa URA wa risiti za kielektroniki, lazima akupe risiti ya EFRIS. Ya mkono haitoshi. Taja TIN yako kabla pampu haijaanza kumimina, maana risiti iliyokwisha kutoka bila TIN ni kazi kuirekebisha. Risiti halali ina namba ya hati na mchoro wa QR. Ipige picha hapohapo, kwani karatasi ya joto hufutika kwenye dashibodi ndani ya wiki chache.

Kodi ya tani na ile 6% ni kodi juu ya kodi?

Zote mbili ni malipo ya mapema. Tangu Julai 2018, gari la mizigo la tani mbili na zaidi hulipiwa 50,000 kwa kila tani kwa mwaka. La tani 10 ni 500,000, la tani 28 ni 1,400,000. Na mteja aliyeteuliwa na URA kuwa wakala wa zuio (anayekata kodi kabla ya kukulipa) hukata 6% kwenye malipo yanayozidi milioni 1. Mwenye kuwasilisha ritani ya faida huzihesabu zote kama kodi aliyokwisha kulipa. Asiyedai, pesa imelala. Dai cheti cha zuio kwa kila malipo, ukiangalia kwamba TIN iliyoandikwa ni yako na si ya wakala aliyekupa mzigo. Ritani ya mtu binafsi hufungwa tarehe 31 Desemba.

## Kuvuka mpaka na mambo ya pembeni

Naishi Tororo, nimeajiriwa na kampuni ya Kenya. Nalipa wapi?

Mkazi wa Uganda hutozwa kwenye mapato yake ya popote. Lakini mapato ya ajira ya nje husamehewa Uganda ikiwa yamekwisha kulipiwa kodi ya mapato huko, na kodi iliyokatwa na kupelekwa na mwajiri wa nje inahesabiwa kuwa umelipa. Unachohitaji ni ushahidi: fomu ya P9 ya Kenya ya kila mwaka, inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa. Kazi unayoifanya ndani ya Uganda inaweza kuhesabiwa kuwa mapato ya Uganda, kwa hiyo mwenye njia ndefu upande huu atunze karatasi za safari kama ilivyoelezwa juu.

Mbona wenzetu Wakenya wana kiwango maalumu cha posho?

Kwa sababu sheria yao imetaja namba. Kwa miaka mingi ilikuwa KSh 2,000 kwa siku, na Sheria ya Fedha ya 2025 imeipandisha hadi KSh 10,000 kuanzia Julai 2025. Madereva hawa wanakaa maegesho yaleyale ya Malaba, kwa hiyo namba hiyo huvuka mpaka kwa mdomo. Haimfungi wala kumlinda mwajiri wa Uganda.

Nimeona video ya dereva wa Marekani anayeondoa dola 80 kwa siku.

Hiyo ni sheria ya kwao, na hata huko ni ya madereva waliojiajiri, tena wanaondoa 80% tu ya kiasi hicho. Walioajiriwa walipoteza punguzo hilo tangu mwaka 2018.

Risiti zangu za Tanzania ziko kwa Kiswahili. URA watazikubali?

Kumbukumbu za kodi Uganda zinatakiwa kuwa kwa Kiingereza, na URA inaweza kukudai tafsiri kwa gharama yako. Kwa risiti za dizeli na tairi, andika kwenye daftari kwa Kiingereza: tarehe, kitu, kiasi, namba ya risiti. Zihifadhi pamoja kwa miaka mitano.

Kampuni imekata kodi kwenye posho yangu halali. Narudishiwaje?

Anza kwa mwajiri: anaweza kurekebisha ritani ya PAYE ya mwezi huo. Mpelekee karatasi ya safari na karatasi ya mshahara, onyesha siku na kiwango. Akikataa au akiwa amefunga, unaweza kuwasilisha ritani yako mwenyewe kwenye tovuti ya URA na kuomba marejesho. Aliye na mwajiri mmoja na kodi yake imekatwa halazimiki kuwasilisha ritani, lakini hakatazwi.

Nina waajiri wawili mwaka huu.

Basi unalazimika kuwasilisha ritani. Mapato yote hujumlishwa, na ile sehemu ya bure ya 2,820,000 kwa mwaka unaipata mara moja tu. Aliyehama kampuni katikati ya mwaka achukue cheti cha PAYE kabla ya kurudisha funguo. Kukitafuta baadaye ni safari nyingine, na hiyo haina posho.

Mwajiri alikata PAYE lakini hakupeleka. URA watanidai mimi?

Kodi iliyokatwa kwenye mshahara wako inahesabiwa umelipa. Deni ni la aliyeishikilia. Karatasi ya mshahara inayoonyesha kato ndiyo kinga yako, ndiyo maana kulipwa kwa simu bila karatasi ni hatari hata kama kiasi ni sahihi.